Je, Wajua? Ufagio, Panya Buku na Asilimia za Askari Mstaafu

Sogea kidogo kwenye benchi, msomaji, leo mfuko umejaa. Tuko Kilosa na Mikumi, na swali ni hili: askari akishavua gwanda, nani humpima na kusema vita vimemla kiasi gani? Mambo yaliyomo humu hutayaamini upesi.

Je, wajua kwamba tarehe 22 Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mji wa Kilosa ulitekwa na jenerali mwenye koo bovu? Jacob van Deventer wa Afrika Kusini alijeruhiwa kooni katika Vita vya Makaburu, na tangu hapo sauti yake ikawa ya kukwaruza. Tena katika vita hivyo alikuwa akipigana na Waingereza haohao aliokuja kuwatekea Kilosa!

Subiri, sijamaliza. Aliyekuwa akikimbizwa na van Deventer, Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani, naye alijeruhiwa jicho la kushoto na kifua huko Namibia mwaka 1906. Yaani Reli ya Kati ilikuwa ikigombewa na koo bovu upande huu na jicho bovu upande ule. Wakubwa hao wawili leo tungewapangia foleni mbele ya bodi ya madaktari, na kila mmoja angeondoka na asilimia zake.

Unadhani risasi ndiyo iliyomaliza majeshi hapa? Mwaka 1916, kwa kila askari 1 wa upande wa Uingereza aliyeangushwa na silaha, zaidi ya 31 waliangushwa na maradhi. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari na watu 1,135. Kufika Oktoba, waliobaki wazima ni 116, na mapigano yenyewe waliyopigana hayakuwa mengi.

Hiyo ni ndogo. Kikosi cha 2 cha Rhodesia kilipitisha watu 1,038 katika vita vya Afrika Mashariki. Waliouawa vitani: 36. Mara walizougua: 10,626! Gawanya mwenyewe utaona kwa wastani kila mmoja wao aliugua zaidi ya mara kumi. Daktari wa kikosi kile alilala saa ngapi, sijui.

Na wanyama je? Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, jeshi la Waingereza lilimaliza farasi 10,000, nyumbu wa mizigo 10,000, ng'ombe 11,000 na punda 2,500. Miezi miwili tu! Mbung'o walichangia sana, na wajukuu wao bado wapo Mikumi. Ukienda kutalii hifadhini, acha nyumbani shati lako la buluu iliyokoza na suruali nyeusi: rangi hizo huwavuta mbung'o, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi.

Je, wajua kwamba funza, yule mdudu wa vidole vya miguu, si mwenyeji wetu? Alishushwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, akalivuka bara zima kwa miguu ya watu, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa ameshafika Zanzibar. Vita vya 1914 vilipoanza akawakuta askari wamevaa viatu vilivyotoboka, na wapagazi peku kabisa. Wanaume waliokwepa bomu walirudi kwao bila vidole vya miguu, kwa sababu ya mdudu ambaye humwoni vizuri bila kuinama.

Papasi naye usimsahau. Mwaka 1905 Robert Koch, daktari maarufu kutoka Ujerumani, alifunga safari kutoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro na Iringa kuwachunguza papasi katika vibanda vya wasafiri, akathibitisha kwamba ndio wanaoeneza homa ya papasi. Mwaka huohuo, Desemba, akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Papasi hawakutajwa kwenye tuzo.

Dawa je? Lettow-Vorbeck alipozibiwa njia za baharini, kwinini yake ilitengenezwa kwa magome ya mti yaliyoshughulikiwa Amani, kule Usambara. Baadaye yakawa yanachemshwa tu porini na kunywewa maji yake. Yalikuwa machungu kiasi kwamba askari wake wa Kijerumani waliyabatiza jina la pombe kali ya kwao, wakaweka na jina la mkuu wao mbele.

Wapagazi waliokufa wakiwa upande wa Waingereza, kwa kumbukumbu za serikali yenyewe, ni zaidi ya 40,000. Wengi waliuawa na kuhara damu na homa. Hao hakuna bodi iliyokaa kuwapima.

Haya, tubadili hewa. Je, wajua kuhusu mzee wa miaka 63 aliyejiunga na jeshi? Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, alizaliwa tarehe 31 Desemba 1851 na akaingia vitani huku kwetu mwaka 1915. Katikati ya mwaka 1916 alirudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji. Akapasuliwa, akapona, akarudi! Aliuawa kwa risasi Behobeho tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, na kaburi lake lipo palepale, katika pori ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Sasa kaa sawa, maana hii ndiyo niliyokuitia.

Mwaka 1964 Lettow-Vorbeck alifariki, na Bunge la Ujerumani Magharibi likaamua kuwalipa askari wake Waafrika mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita viishe mwaka 1918. Miaka 46 ya kusubiri! Ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Wakajitokeza wazee kama 350, wengine kwa fimbo. Wachache mno walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine hawakuwa na kitu mkononi. Utamjuaje askari wa kweli na mzee mjanja wa mjini? Inasimuliwa kwamba mwanabenki wa Kijerumani aliyeleta fedha alipata wazo: kila mzee alikabidhiwa ufagio uwe bunduki yake, kisha akaamrishwa kwa Kijerumani. Bega! Heshima! Chini!

Na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Hebu fikiri, umri wa miaka 65, 70, goti linalia, na bado mkono unakumbuka amri ambayo haukuisikia kwa karibu nusu karne. Kwa maoni yangu huo ndio uchunguzi bora wa askari mstaafu uliowahi kufanyika Afrika Mashariki, na gharama yake ilikuwa ufagio.

Umeuona huo mwaka 1964? Ndio mwaka ambao Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ambayo leo ina kilomita za mraba 3,230. Na ndio mwaka ambao Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa, tarehe 1 Septemba. Tembo wa Mikumi na JWTZ ni marika!

Je, wajua kwamba kambi ya Lugalo, Dar es Salaam, penye hospitali kuu ya jeshi, zamani iliitwa Colito? Colito ni mahali Ethiopia ambapo askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Tanganyika walipigana tarehe 19 Mei 1941. Lugalo nayo ipo Iringa, ukishapita Mikumi na kupanda milima: hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walilivamia jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski na kulimaliza ndani ya dakika chache, na yeye mwenyewe wakamuua. Kwa hiyo mwanajeshi anayelazwa Lugalo analala chini ya jina la ushindi. Si haba.

Vita vya Pili vya Dunia vilichukua Watanganyika wapatao 87,000. Wapo waliofika hadi misitu ya Burma, wakapigana na Wajapani kwenye matope ya masika ya huko. Walipoagwa, bakshishi ya vita ya askari Mwafrika ilikuwa takribani theluthi moja ya aliyopewa Mzungu wa cheo kilekile. Risasi haikuuliza rangi, mhasibu aliuliza.

Ushirika unaowaunganisha askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola ulianzishwa Cape Town mwaka 1921. Na mwaka 2018 (umesoma sawasawa, 2018) Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 ili wazee hao na wajane wao popote walipo wapate milo miwili kwa siku. Vita vyenyewe viliisha 1945.

Tuje kwa vita vyetu. Majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, miezi mitano na siku chache tangu Mwalimu Nyerere atangaze tarehe 2 Novemba 1978 kwamba tutampiga Idi Amin wa Uganda. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa kwa miguu, begi mgongoni, na wengi walikuwa mgambo ambao miezi michache nyuma walikuwa shambani. Leo makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yana mashujaa 619. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka, na ukikaa karibu na mzee aliyerudi utaona mwenyewe: akisimama kwa ajili ya wimbo wa taifa, anaanza kwanza kulibembeleza goti.

Goti hilo hupimwaje? Kifaa chenyewe ni rula mbili za plastiki zilizofungwa pamoja kwa kitufe, na penye kitufe pana duara lenye nyuzi. Daktari huweka kitufe ubavuni mwa goti, rula moja ifuate paja, nyingine ifuate muundi. "Kunja, mzee. Tena kidogo. Hapo panauma?" Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140 hivi. Likigoma kwenye 60 inaandikwa 60, na katika mifumo makini huandikwa pia nyuzi ambapo maumivu yalianza, hata kama mzee alijikaza akaendelea. Na wazee wetu kwa kujikaza!

Je, wajua kwamba mkono umewahi kuwekewa bei kwa sentimita? Baada ya Vita vya Kwanza, askari wa Uingereza aliyepoteza mkono wote wa kulia alilipwa shilingi 16 kwa wiki. Ukikatwa chini ya bega lakini juu ya kiwiko, 14. Chini ya kiwiko, 11 na peni zake. Mkono wa kushoto? Punguza shilingi moja! Mwenye shoto alijitetea vipi, hilo ningelipia nauli kulisikia. Wanajeshi wa Uingereza waliokatwa kiungo katika vita hivyo walizidi 41,000.

Marekani leo ina ofisi nzima yenye mkurugenzi wake, kazi yake moja tu: kusimamia uchunguzi wa ulemavu wa askari wastaafu. Lakini sikia ajabu yake: daktari anayekupima hana ruhusa ya kukupa asilimia. Yeye huandika alichokiona, na karani mwingine, ambaye huenda hutamwona maishani, ndiye huchukua jedwali na kuamua wewe ni mlemavu wa 10, 30 au 70.

Na hesabu zao usizipeleke shule ya msingi. Kwao 50 kujumlisha 50 ni 80! Ulemavu wa kwanza hubakisha nusu ya mtu, wa pili unakata nusu ya ile nusu, jumla inakuwa 75, halafu inapandishwa hadi 80 kwa sababu asilimia zao zinakwenda kwa makumi. Mwalimu wangu wa hesabu angevunja chaki.

Kuna na asilimia 0. Ndiyo, sifuri! Maana yake serikali imekubali kwamba jeshi ndilo lililokuumiza, ila si kiasi cha kukupa fedha kila mwezi. Usidharau hata hivyo, maana sifuri hiyo inakupa haki ya kutibiwa maumivu hayo.

Bahatisha: dai namba moja la askari wastaafu wa Marekani ni lipi? Si mguu, si mgongo, ni mlio masikioni. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 140, na sikio linaweza kuumia kwa pigo moja. Malipo yake ni asilimia 10, na sikio moja likilia au yote mawili yakilia, ni ileile 10.

Je, wajua kwamba mkono ukishakatwa na kuzikwa unaweza kuendelea kuuma? Admirali Nelson wa Uingereza alipoteza mkono wa kulia mwaka 1797 na akaendelea kuvihisi vidole vyake. Inasimuliwa kwamba alisema huo ni ushahidi kwamba roho ipo. Miaka ya 1990 ikagunduliwa dawa ya ajabu, kioo cha kujitazamia tu: mgonjwa anautazama mkono wake mzima kwenye kioo, ubongo unadhani ule uliopotea umerudi, na wapo wanaopata nafuu papo hapo.

Mguu wa bandia nao una kisa. Mwaka 1861, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kijana wa miaka 18 aitwaye James Hanger alikatwa mguu. Akapewa gogo la mbao, akalikataa, akachonga wa kwake kwa mbao za pipa na kuuwekea goti linalokunja. Kampuni yake ingali hai! Nasi hatuko nyuma: tangu 1981 chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika.

Ukitoka Kilosa sasa kwenda kupimwa hospitali ya Lugalo au Muhimbili, Dar es Salaam, una reli ya kisasa. Hapo Kilosa imetoboa mahandaki 4, refu kuliko yote likiwa la mita 1,031. Goti la nyuzi 60 litaipenda hiyo treni kuliko basi, mradi ngazi za stesheni zisilinunie.

Na hawa je, unawafahamu? Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, wanafundishwa panya buku wa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya mmoja anamaliza uwanja wa tenisi kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kunasa vyuma anaweza kuhitaji hadi siku 4. Na kwa kuwa panya ana kilo moja na kitu tu, akilikanyaga bomu halilipuki. Hebu hesabu miguu iliyobaki mahali pake!

Nyota wao aliitwa Magawa. Alizaliwa Morogoro, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akanusa mabomu na silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la Uingereza lililokuwa halijawahi kumtunuku panya katika miaka 77 ya kutoa tuzo. Juni 2021 akastaafu rasmi, umri umekwenda na mwendo umepungua. Aliishi uzeeni kwa ndizi na karanga hadi Januari 2022. Panya mwenye medali na kustaafu kwa heshima, na kuna binadamu wanazungushwa!

Ndugu zake waliobaki Morogoro wanafanya kazi ya maabara. Wananusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika 20. Mtaalamu mwenye hadubini huenda akatumia siku 4.

Ya mwisho, halafu uniachie benchi. Je, wajua pensheni ya vita inaweza kuishi muda gani? Mose Triplett wa Marekani alipigana pande zote mbili za vita vile vilivyomkata mguu Hanger: alianza Kusini, akahamia Kaskazini. Mwaka 1930, akiwa na miaka 83, akapata binti, Irene. Kwa kuwa binti alithibitishwa kuwa na ulemavu wa akili, sheria ilimruhusu kurithi pensheni ya baba, na serikali ikamlipa dola 73.13 kila mwezi hadi alipofariki tarehe 31 Mei 2020. Vita viliisha 1865. Toa 1865 kwenye 2020, uniambie umepata ngapi.